Nilivyompeleka shangazi kuona nyota Greenwich

Mwaka wa sita huu naishi Woolwich, London, na kila nikipata mgeni kutoka nyumbani humpandisha kilima cha Greenwich: mguu huku mashariki, mguu kule magharibi ya mstari wa longitudo sifuri, picha mbili tatu, tunateremka. Desemba alipokuja shangazi yangu wa Kisauni, magoti yake hayakutaka foleni. Nikamkatia tiketi ya planetariamu, yaani ukumbi wa kuonyeshea picha za anga, ile Peter Harrison iliyofunguliwa 2007 hapo hapo kilimani kwenye Royal Observatory, kituo cha kale cha kutazamia nyota. Tiketi yake ni mbali na ya makumbusho, kwa hiyo kateni mapema.

Niwatoe tongotongo kwanza: humo hamna darubini. Mimi mwenyewe nilidhani tunakwenda kuchungulia. Ile darubini kubwa ya inchi 28, ya mwaka 1893, iko jengo jingine. Hapa unaketi gizani, umeegemea nyuma, na projekta zinajaza nyota kuba lote lililo juu yako. Mawingu hayakuhusu, na kwa anga la London hilo si jambo dogo.

Kwa nje planetariamu yenyewe ni kama pia kubwa ya shaba nyeusi iliyokatwa kichwa na kuinamishwa. Siku zote nilidhani ni mbwembwe za wasanifu. Kumbe upande wake wa kusini umelala nyuzi 51.5, latitudo ya Greenwich yenyewe, ili mwinamo uelekee Nyota ya Kaskazini. Sasa sisi wa Mombasa, nyuzi 4 kusini ya ikweta, nyota hiyo tuijulie wapi? Kwetu iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Shangazi ana miaka sabini na kitu, na aliionea humo kwa mara ya kwanza. Hakushtuka. "Ndogo hivyo?"

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba msimulizi ni mtu hai, mwanaastronomia, si kanda iliyorekodiwa. Nilikuwa namtafsiria shangazi kwa kunong'ona. Tulipofika kwenye kile kishada cha nyota karibu na nyota iitwayo Aldebaran, akanikata, kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Kilimia hicho! Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Msimulizi akauliza mama amesema nini. Nikaeleza. Naye akatuambia Aldebaran ni Kiarabu, maana yake mfuasi, kwa kuwa inakifuata Kilimia angani.

Nikapata ujasiri, nikamwomba atupeleke Mombasa. Nyota ya Kaskazini ikashuka pole pole mpaka ikazama. Orion, lile kundi la nyota la mwindaji, ambaye London husimama kama askari wa lindo, akalala ubavu karibu na utosi. Nyota ambazo huku hupanda kimshazari zikachomoza wima kutoka baharini. Akaukimbiza usiku hadi alfajiri, Msalaba wa Kusini ukasimama. Shangazi akauliza mwezi mwandamo wa huku mbona umesimama ubavu, wa kwetu umelala kama dau. Ni hilo hilo, akajibiwa: ni pembe tu ya pale uliposimama.

Shauri langu: kaeni safu za nyuma. Sisi tulikimbilia mbele, na shingo yangu iliuma siku mbili. Vaeni koti zito pia, kilimani pale upepo hauna adabu.