Nililipia kykeon, nikamiminiwa divai

Nyota moja. Kuna wakati nilifika tatu, nitasema wapi.

Ni ile ziara ya nusu siku ya kutoka Athens kwenda Eleusis, palipokuwa na hekalu la kale la Demeter, mungu wa kike wa nafaka wa Wagiriki, inayonadiwa kuwa na "onjo la kinywaji cha Demeter", yaani kykeon. Onjo hilo ndilo nililolilipia. Tukafika kwenye kisima cha kale cha Kallichoron, hapo hapo Eleusis, kiongozi akafungua chupa, akatumiminia kwenye vikombe vya karatasi. Divai nyekundu!

Jamani. Utenzi wa kale wa Demeter una mistari 495 na jambo hili limo humo wazi kabisa. Mungu yule, kajigeuza bibi kizee, anaingia nyumbani kwa mfalme Keleos akiwa na msiba wa bintiye Persephone, aliyetekwa na mungu wa kuzimu. Malkia Metaneira anamjazia kikombe cha divai tamu kama asali. Anakataa: si halali yake kunywa divai nyekundu. Anataka unga wa shayiri, maji na glechon, mmea wa jamii ya mnanaa. Basi. Kinywaji hiki kipo kwa sababu divai ilikataliwa, na walioingizwa kwenye ibada ya siri ya Demeter hapo Eleusis walikinywa baada ya kufunga kama yeye. Kugawa divai mahali pale ni kupiga ngoma matangani.

Wala si kazi kukitengeneza. Kaanga shayiri iliyokobolewa bila mafuta mpaka inukie, isage ibaki na chengachenga, tia vijiko viwili kwenye glasi ya maji pamoja na majani ya mnanaa yaliyopondwa. Koroga, unywe hapo hapo. Ukikiweka chini kidogo tu unga unatuama, juu yanabaki maji yenye harufu. Heraclitus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, alishasema kykeon isiyokorogwa hutengana. Glechon yenyewe iache, mafuta yake ni sumu kwa ini. Mnanaa wa chai unatosha.

Nikauliza, kwa adabu, mbona divai. Nikajibiwa mbele ya watu kwamba wageni hawapendi uji, na kama najua sana basi niongoze mimi.

Baada ya hapo kila alichosema kiliniwasha. Eti Triptolemos, yule anayesimuliwa kuwa alieneza kilimo cha nafaka, ni mwana wa Keleos. Kwenye utenzi ni mmoja wa wakuu wa mji tu, anatajwa pamoja na Diokles na Eumolpos. Mtoto wa nyumba ile ni Demophon, mchanga, ambaye Demeter alikuwa akimficha motoni usiku ili asife milele, mpaka mama yake alipochungulia akapiga yowe. Triptolemos aliingizwa kwenye ukoo na wasimulizi wa baadaye, na si bure. Athens ilimhitaji shujaa wa nafaka: katika karne ya 5 KK ilidai malimbuko kwa ajili ya Eleusis, sehemu moja ya 600 ya shayiri na moja ya 1,200 ya ngano, kutoka kwa washirika wake pia. Nao waliojiita uzao wa Eumolpos walishika ukuhani mkuu kwa karne nyingi. Nasaba pale ilikuwa hati ya kazi. Hilo hakuligusa kabisa. Alikuwa anahesabu vikombe.

Haya, nyota tatu. Ndani ya makumbusho kuna sanamu ya mwanamke aliyebeba chombo cha siri kichwani. Mwenzake yuko Cambridge, alichukuliwa mwaka 1801 na Mwingereza Edward Clarke. Wanakijiji walikuwa wakimrundikia samadi mpaka shingoni, wakiamini bila yeye mashamba hayatazaa. Jioni ya kuamkia siku ya kuondolewa, ng'ombe akaponyoka nirani akampiga pembe, kisha akakimbia huku akilia. Meli iliyombeba ikazama karibu na pwani ya Uingereza. Kiongozi alisimulia haya yote polepole, bila karatasi, hakuna aliyekohoa. Nikaona aibu kwa hasira zangu.

Tukatoka. Akapita pale pale kisimani, akakusanya vikombe vilivyobaki na divai, akavimwaga vyote ukingoni mwa kisima.

Moja. Ila ukienda, mtafute huyo huyo akupeleke kwa yule mwanamke. Shayiri beba yako.