Antibodi ya VEGF yenye biotini: hela yake ni halali, ila usiinunue peke yake

Sisi tunapima VEGF ya binadamu kwenye plazma (maji ya damu ambayo haijaachwa igande) ya wagonjwa wa saratani. VEGF ndo ile protini inayochochea mishipa midogo ya damu iote, uvimbe unaitumia kujivutia damu, na dawa kama bevacizumab kazi yake ni kuidaka isifanye hiyo kazi. Kiti kamili za kupimia zipo ila bei imechangamka sana, so tukaamua kuunga eliza wenyewe, yaani kipimo cha pleti yenye vishimo ambapo rangi inakuambia protini ipo kiasi gani: antibodi (protini inayoshika kitu chake maalumu) ya kukamatia chini ya pleti, juu yake ya pili ya kugundulia ambayo imebandikwa biotini, halafu streptavidini, protini inayoing'ang'ania biotini, ikiwa na kimeng'enya cha kutoa rangi, basi. Naongelea hiyo ya biotini, ya mbuzi, kampuni siitaji.

Inakuja ikiwa poda, mikrogramu 50, na kichupa ukikishika utasema wamekuuzia hewa maana ni utando tu mweupe pale chini na wakati mwingine umerukia kwenye kifuniko, kwa hiyo kizungushe kwanza kwenye sentrifuji ndo ufungue. Unaweka PBS (bafa ya maji ya chumvi), unaiacha iyeyuke taratibu usiitikise kwa fujo, unagawa kwenye vichupa vidogo vidogo vya kutumia mara moja, friza. Ukiwa wa kuyeyusha na kugandisha kila ukiihitaji itakufa mkononi. Kwetu huku hilo la poda ni bonge la faida, mzigo wenye barafu kavu ukikwama wikiendi uwanja wa ndege unasubiri kibali unafika maji, huu haukuwa na habari.

Kwenye kazi sasa, hapa sina maneno. Standadi, yaani VEGF ya kiwango kinachojulikana ya kulinganishia, tunaanzia pikogramu 2000 kwa mililita tunashuka nusu kwa nusu hadi kwenye 31, na hata kule chini kabisa rangi inaachana na blanki (kishimo kisicho na VEGF) vizuri tu. Biotini yenyewe ni kitu kidogo, dalton 244, unaweza kubandika kadhaa kwenye antibodi moja na bado ikashika VEGF yake kama kawaida, kila moja inaweza kuvuta streptavidini yake, na biotini na streptavidini zikishashikana uoshe utakavyoosha haziachani. Ukiweka TMB, kemikali ambayo kimeng'enya kinaigeuza rangi, vile vishimo vya juu vinaanza kuingia bluu, vya chini vinafuata kwa kujivuta, ukidondosha asidi ya salfuriki bluu yote inaruka kuwa njano hapo hapo unapotazama, unasoma kwenye mashine kwa mwanga wa nanomita 450.

Ila ina vimambo vyake. Usizibie pleti (kufunika sehemu tupu ili protini zingine zisinate) kwa maziwa ya unga jamani, biotini ni vitamini B7 na maziwa yanayo, inaenda kukaa kwenye streptavidini kabla ya antibodi yako halafu unaanza kulaumu bidhaa, tumia BSA, albumini ya ng'ombe. Wanaopima maji ya kuoteshea seli wajue aina ya RPMI ina biotini na ya DMEM haina, kwenye eliza ya kuosha kila hatua haisumbui sana kwa sababu sampuli imeshamwagwa streptavidini ikiingia, ila ukijifanya unafupisha muda ukachanganya kila kitu pamoja utajuta. Ndo hilo hilo la vidonge vya biotini vya nywele na kucha, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku halafu vidonge vinauzwa vya 10,000, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo 2017 kwamba vinaharibu baadhi ya vipimo vya hospitali. Na sodiamu azaidi, ile ya kuzuia bafa zisioze, iwe mbali na bafa zako za hatua ya kimeng'enya, inakiua.

Halafu kitu ambacho si kosa la antibodi kabisa ila watu wanaiandikia nyota moja kwa ajili yake: seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda. Damu ikiganda chembe sahani zinamwaga VEGF yake, kwa hiyo namba ya seramu inapanda juu kuliko ya plazma ya mgonjwa yule yule. Chagua moja, na kama ni plazma izungushe kwenye sentrifuji mapema na vizuri.

Kwenye westan bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa halafu kinazionyesha kama mistari, sikuipenda. Seli zina protini zake zenye biotini ya asili, utaona mistari kwenye kilodalton 75 na 130 hivi ambayo haihusiani na VEGF hata kidogo, ini na figo ndo usiseme.

Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu wanakuuzia hii peke yake bila kukuambia wazi iende na ya kukamatia ipi, na zikigombea sehemu moja kwenye VEGF hupati rangi. Ulizia jozi yake kabla hujalipa, na ukiagiza nyingine omba lot (toleo la kiwandani) ile ile, wakikosa rudia kutafuta kiwango cha kuzimulia upya kabla hujagusa sampuli za wagonjwa.