Kozi ya kupima mapafu mtandaoni: uzoefu wangu baada ya wiki sita

Nilijiunga na kozi hii nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza utarajali, nimepangiwa kliniki ya kifua katika hospitali ya mkoa. Spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi, tulikuwa nayo, ila aliyejua kuitumia vizuri alishahama. Mimi nilikuwa nachukua namba zilizotoka kwenye karatasi na kuziamini kama zilivyo.

Ndivyo nilivyomkosea mzee mmoja aliyechimba tanzanite Mererani miaka mingi na kutibiwa kifua kikuu mara mbili. Alipuliza kama sekunde tatu, akakatisha. Mashine ikaandika FEV1 (hewa iliyotoka sekunde ya kwanza) lita 1.40, FVC (hewa yote iliyotoka kwa pumzi hiyo) lita 1.90. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata uwiano wa 0.74, basi nikajaza kwenye faili kwamba njia za hewa ziko wazi na tatizo ni mapafu kusinyaa.

Wiki ya pili ya kozi ilinionyesha nilipoteleza. Mwalimu anakuwekea grafu moja moja: huyu ameanza kwa kusitasita, huyu amekohoa ndani ya sekunde ya kwanza, huyu hewa imevuja pembeni ya mdomo, huyu amekatisha mapema. Kabla ya kusoma namba yoyote unaamua kama pumzi hiyo inafaa au ni ya kutupa. Kwa mwongozo wa 2019 wa vyama vya madaktari wa kifua vya Marekani na Ulaya, mgonjwa apulize mpaka mstari ulale kabisa, yaani sekunde ya mwisho isitoe zaidi ya mililita 25, au afikishe sekunde 15. Unatafuta pumzi tatu zinazokubalika, na mbili zilizo kubwa zaidi zisipishane zaidi ya mililita 150.

Nilimwita mzee tena. Hapa lazima niseme jambo ambalo kozi haikunipa: maneno. Amri zote za kumhimiza mgonjwa zilifundishwa kwa Kiingereza. Ukimwambia mtu wetu "puliza kwa nguvu", anajaza mashavu kama anayewasha jiko la mkaa. Baada ya kujaribu kwa wagonjwa kadhaa, hivi ndivyo ninavyosema sasa: "Mzee wangu, vuta, vuta, jaza kifua mpaka pasibaki nafasi. Haya, toa yote kwa mpigo! Endelea, endelea, bado ipo, kamua, kamua!" Nasimama mbele yake na kufanya naye.

Pumzi ya nne ilifika mwisho. FEV1 ilikuwa lita 1.42, karibu ileile. FVC ilikuwa lita 2.68. Uwiano ukashuka hadi 0.53, na grafu ikabonyea katikati kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi. Tukampa salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mivuto minne kupitia chupa ya maji tuliyoitoboa, tukasubiri dakika 15, FEV1 ikapanda mililita 60 tu. Njia zake za hewa zimebana na hazifunguki. Nikakata maandishi yangu ya awali kwa mstari mmoja, nikasaini na kuweka tarehe.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kutuma vipimo 10 vya wagonjwa wangu, bila majina, vikakaguliwe. Vinne vilirudishwa na maelezo marefu. Mkaguzi aliuliza pia rekodi ya uhakiki wa mashine, na hapo ndipo nilipoitoa kabatini sirinji yetu ya lita 3 ya kuhakikia mashine, ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Sasa tunaihakiki mashine kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Upungufu upo. Video haziwezi kupakuliwa, kwa hiyo kifurushi kinaisha haraka. Mifano karibu yote ni ya wavuta sigara wa Ulaya. Makovu ya kifua kikuu na moshi wa kuni vilipewa slaidi moja. Suala la viwango vya kulinganishia nalo lilipitiwa juujuu, wakati kwetu ni kubwa: milinganyo ya GLI ya 2012, yaani fomula za kimataifa za kukadiria pumzi ya mtu mwenye afya, inakulazimisha umchagulie mgonjwa kundi la asili yake, na kundi la weusi humo ni la Wamarekani weusi. Ile ya GLI ya 2022 haigawi watu hivyo. Mashine yetu bado ina ya zamani, na nilitamani sana kusikia nifanye nini.

Daktari mwenzangu, kabla hujalipa, uliza kama kuna mtu atakayekagua vipimo vyako mwenyewe. Kama ni video na mtihani wa kuchagua majibu tu, tafuta kozi nyingine.