StepMania: ugumu wa kusoma mishale usiwe mateso ya magoti

Katika gemu za dansi mishale hupanda kwenye skrini, nawe unaikanyaga kwenye pedi iliyo sakafuni. Nambari ya kiwango inayoandikwa kando ya wimbo hupima mambo mawili kwa mkupuo mmoja: ugumu wa kuisoma mishale na uchovu wa kuikanyaga. Ndiyo maana nyimbo mbili za kiwango 9 zinaweza kuutendea mwili tofauti kabisa. Moja ina hatua za kupokezana, kulia na kushoto, mwendo mmoja hadi mwisho. Nyingine ina hatua chache, ila kila baada ya pigo moja unaruka na kutua kwa miguu yote miwili. Ya kwanza itakutoa jasho, ya pili utaisikia kesho yake kwenye magoti.

Konami, kampuni iliyoanzisha gemu ya Dance Dance Revolution (DDR) mwaka 1998, walijaribu kulitatua hili. Katika DDRMAX, toleo lake la 2001, waliondoa nambari, wakaweka mchoro wa pembe tano unaoonyesha wingi wa hatua, kilele cha wingi huo, miruko, mishale ya kushikilia na hatua zinazotoka nje ya pigo. Toleo lililofuata likazirudisha nambari, mchoro ukabaki. Wachezaji wengi huupita bila kuutazama, na ni hasara, kwa sababu pembe ya miruko inaeleza habari za magoti yako kuliko nambari yoyote.

StepMania, programu huria ya kompyuta isiyolipiwa, inao mchoro huo. Lakini sababu ya kuipa alama za juu ni nyingine: inakuruhusu kuutenganisha ugumu wa macho na ugumu wa mwili, kisha kupunguza mmoja bila kuugusa mwingine. Ukishachagua wimbo, bonyeza Enter mara mbili na ukurasa wa marekebisho utafunguka.

Anza na kasi ya mishale. Wageni huiacha kwenye 1x wakidhani mwendo wa polepole ni rahisi. Kinyume chake, mishale hubanana, jicho halioni ipi inatangulia, na mwili unakakamaa kwa wasiwasi. Weka C400 hivi, na mishale itapanda kwa mwendo uleule hata wimbo ukibadili kasi. Ukipenda mishale ifuate wimbo, tumia x: wimbo wa mapigo 150 kwa dakika kwenye 3x ni sawa na C450. Hakuna hatua hata moja iliyoongezeka wala kupungua. Ulichopata ni nafasi kati ya mishale.

Kwa upande wa mwili, NoJumps hugeuza kila mruko kuwa hatua ya mguu mmoja. Huo ndio msaada mkubwa kuliko yote kwa mwenye magoti dhaifu au anayecheza ghorofani, na wimbo unabaki na mdundo wake. Little huacha mishale iliyo juu ya pigo kuu tu; inafaa kwa kuanza, ila huondoa ladha yote. Bora zaidi ni kupunguza kasi ya muziki wenyewe. Wimbo wa mapigo 150 wenye hatua nne kwa kila pigo unadai hatua 10 kwa sekunde. Ukiushusha hadi 0.8 ya kasi yake zinakuwa 8. Sauti itakuwa nzito kidogo, lakini miguu inajifunza mpangilio halisi.

Zima pia kufeli. Mstari wa uhai unapokaribia kuisha, mtu huanza kukanyaga kwa hasira, na nguvu hiyo haiongezi alama yoyote. Kufeli kukiwa kumezimwa, unaweza kupumzika katikati ya wimbo kisha ukaendelea.

Penye udhaifu tupaseme. Hakuna kitufe kinachoondoa hatua za kuvukisha mguu mmoja mbele ya mwingine, ambazo hupindisha kiuno na goti. Mirror, inayogeuza mishale kama kwenye kioo, hubadili tu upande wa kupinda, jambo linalosaidia kama wimbo unakuelemeza upande mmoja. Shuffle iepuke kabisa ukitaka starehe: huchanganya safu za mishale bila kujali miguu, na mpangilio uliokuwa laini unageuka wa kujisokota. Halafu kuna suala la viwango. DDR za zamani ziliishia 10, tangu DDR X ya 2008 kipimo kikawa 1 hadi 20, na In the Groove, gemu nyingine ya dansi, ina kipimo chake. Nyimbo za vyanzo hivi vyote hukaa pamoja ndani ya StepMania, kwa hiyo 9 inaweza kuwa mchezo mwepesi au mauaji. Tazama mchoro kwanza.

Marekebisho yote haya yataharibika pedi ikiwa mbovu. Mkeka laini wa plastiki una kasoro tatu. Kwanza, husogea unapocheza, ukajikuta unakanyaga pembeni ya mshale. Ufunge juu ya ubao bapa, na chini ya ubao weka mpira usioteleza. Usiutandike juu ya zulia nene, maana utajikunja na kubofyeka wenyewe. Pili, tabaka zake hurudi juu vibaya na kukanyaga mara moja kukahesabiwa mara mbili. Hapo ongeza Input Debounce Time, yaani muda wa kupuuza mguso wa pili unaofuata papo hapo, milisekunde 20 hadi 30. Tatu, kwa kuwa hauna ukingo, mguu haujui ulipo, na mchezaji hutazama chini hadi shingo ikamuuma. Cheza na soksi au pekupeku.

Pedi ngumu yenye fremu ya chuma humaliza tatizo la kusogea, lakini haifyonzi kishindo. Vaa viatu vyepesi vya soli nyembamba na bapa. Kama sensa zake zinarekebishika, shusha kizingiti, yaani uzito unaotakiwa ili sensa iitikie, mpaka kibao kiitikie uzito wa mbele ya unyayo peke yake, kisha kipandishe kidogo ili kisijibonyeze mguu ukiwa umepumzika juu yake. Pedi inayodai kukanyagwa kwa nguvu ndiyo chanzo cha maumivu mengi ya muundi yanayosingiziwa nyimbo. Chanzo kingine ni sauti iliyochelewa: hatua sahihi inasomwa kama kosa, mchezaji anadhani hakukanyaga sawasawa, anaongeza nguvu. Pitia Calibrate Machine Sync, sehemu ya StepMania ya kulinganisha sauti na mishale, kabla ya kulaumu mguu.

Chuma cha nyuma cha kushikia hupunguza mzigo wa miguu na huruhusu kasi kubwa. Kishike kwa vidole vilivyolegea. Ukikibana, uchovu unahamia mabegani na kwenye mikono.

Tabia moja hakuna programu itakayoirekebisha: kurudisha mguu katikati baada ya kila hatua. Kufanya hivyo ni kuzidisha hatua maradufu. Acha mguu ubaki juu ya mshale uliokanyagwa mwisho. Kusimama hapo hakukatwi alama, isipokuwa kwenye nyimbo zenye mabomu (mines), yaani alama usizotakiwa kuzikanyaga.

Ukilinganisha na gemu nyingine za dansi, Pump It Up ya kampuni ya Andamiro ina vibao vitano, vinne vikiwa kwenye pembe na kimoja katikati, hivyo nyonga hufanya kazi zaidi. Just Dance haitazami miguu kabisa, kwa hiyo hapo unaweza kupunguza miruko upendavyo.

Kwa anayeanza leo: C400, NoJumps, kufeli kumezimwa, nyimbo za mapigo 120 hadi 140. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Rudisha miruko kabla ya kupandisha kiwango, kisha ndipo uongeze kasi ya muziki. Shavu la mguu likiwaka ni uchovu wa kawaida. Muundi au goti likichoma, zima gemu siku hiyo, na ukirudi shusha kizingiti cha sensa kabla ya kushusha kiwango.