Sensa ya M12 badala ya swichi ya rola kwenye leti ya zamani ya CNC: inaponya nini, haiponyi nini

Leti ya CNC ya zamani (mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta) ikianza kukosea sifuri, yaani mahali inapoanzia kuhesabu vipimo, kifaa kinachonunuliwa haraka kuliko vyote ni sensa ya induksheni ya M12, inayohisi chuma bila kukigusa, ichukue nafasi ya swichi ya rola inayokanyagwa na kigongo, kile kipande kinachoibonyeza mhimili ukikaribia sifuri. Ni sensa nzuri. Imefungwa kabisa dhidi ya maji, haina kipande kinachosogea, na haichoki kwa kukanyagwa. Lakini ukiinunua ili mashine ipate sifuri sahihi zaidi, umenunua kitu kisichohusika na tatizo lako.

Usahihi wa sifuri haukai kwenye swichi. Chukua kidhibiti cha Fanuc 0-T, ambacho bado kinafanya kazi kwenye leti nyingi za umri huo. Ukiagiza mhimili (X wa kipenyo au Z wa urefu) urudi sifuri, unakwenda kwa kasi mpaka kigongo kikanyage swichi. Hapo unapunguza mwendo na kutambaa. Kigongo kikiiachia swichi, kidhibiti kinaanza kusubiri alama ya enkoda (kipima mzunguko cha mota), ile inayotokea mara moja tu kwa kila mzunguko wa mota, na hapo ndipo mhimili unaposimama. Kazi ya swichi ni kuchagua mzunguko upi. Mahali penyewe panachaguliwa na enkoda. Kwa hiyo swichi inayopishana kwa sehemu ya kumi ya milimita haibadilishi sifuri hata kidogo, mradi inaachia mbali na alama.

Ndiyo maana ukubwa wa kosa ni ushahidi wa kwanza wa kusoma kabla ya kutoa pesa. Sifuri ikiruka kwa hatua moja kamili ya skrubu (umbali ambao mhimili husogea skrubu ikizunguka mara moja), tuseme milimita 10 kwenye Z ambayo mota yake imeunganishwa moja kwa moja, basi swichi inaachia karibu mno na alama, na mara nyingine alama inapita kabla kidhibiti hakijaanza kuisubiri. Kwenye X kumbuka kwamba skrini inaonyesha kipenyo: hatua ya milimita 5 itasomeka 10. Kosa likiwa dogo na halina mpangilio, milimita 0.05 leo na 0.2 kesho, sensa haitakusaidia. Kagua kiunganishi cha mota na skrubu, nati, na beringi za mwisho wa skrubu. Kosa linalolingana na jino moja au mawili ya mkanda linaonyesha mkanda umeruka kwenye puli.

Palipo na ugonjwa wa swichi yenyewe, sensa inang'aa. Kipini cha rola hukwama kwa mabaki ya maji ya kupozea yaliyokauka na chenga laini za chuma. Mpira wa kukinga hupasuka, maji huingia, ncha za ndani zinashika kutu. Kikikwama juu, kidhibiti hakijui kama kigongo kimefika, na mhimili unagonga kikomo ukiwa kwenye mwendo wa kasi. Kikikwama chini, mhimili unatambaa tangu mwanzo hadi mwisho wa njia. La hatari kuliko yote mawili ni mguso unaokatika na kurudi: kidhibiti kinaona swichi imekanyagwa kisha imeachia, kinasimama kwenye alama ya karibu popote pale, na taa ya sifuri inawaka. Sifuri hiyo ni ya uongo, na programu ya kwanza baada yake inaweza kuipeleka tareti (kishika zana) kwenye chaki (kishika kazi).

Kuthibitisha ni kazi ya dakika tano. Bonyeza kitufe cha dharura, fungua ukurasa wa daignostiki, tazama namba 16 kwa X na 17 kwa Z, biti ya 5. Swichi ikiwa huru inasoma 1, ikikanyagwa inasoma 0. Sukuma kipini kwa kijiti cha plastiki mara ishirini, kisha tikisa waya kuanzia kwenye swichi mpaka kwenye mnyororo wa nyaya. Biti ikicheza unapotikisa waya peke yake, badilisha waya, swichi iache. Alamu 90, ya kushindwa kurudi sifuri, nayo haitoshi kuihukumu swichi: hutokea mhimili ukianza safari karibu mno na sifuri, au ukienda polepole mno. Urudishe nyuma mizunguko kadhaa ya mota, pandisha asilimia ya mwendo wa kasi, jaribu tena.

Ukishajiridhisha kwamba swichi ndiyo mgonjwa, chagua sensa ya waya tatu ya volti 10 hadi 30, aina ya PNP (waya wake wa ishara hutoa volti chanya), inayotoa umeme muda wote na kuukata inapoona chuma. Hapo wengi hukosea: ile inayotoa umeme inapoona chuma itageuza biti kinyume. Ya waya mbili iache, kwa sababu hupitisha mkondo kidogo hata ikiwa imezima, na kidhibiti kinaweza kuusoma vibaya. Kwa PNP ya waya tatu, kahawia ni volti 24, bluu ni sifuri ya volti. Waya wa ishara soma kwenye karatasi ya sensa yenyewe.

Sensa ya masafa ya milimita 4 ifungwe milimita 2 kutoka kwenye kigongo. Usiikaribishe mwisho wa masafa, joto litakusumbua. Kigongo kiwe cha chuma cha kawaida; alumini hupunguza masafa hadi karibu theluthi. Udhaifu wake mkubwa ni chenga: kitita kikijishika usoni mwa sensa, kinasomeka kama kigongo. Kwa hiyo uso uangalie chini au pembeni, na kibati cha kukinga ni lazima. Kwenye X iliyo nyuma ya tareti, ambako chenga hurundikana, swichi mpya ya rola yenye mpira mzima bado ni chaguo bora kuliko sensa. Kwenye Z, sensa inashinda bila mjadala.

Swichi za kikomo cha mwisho, zile zinazokata mashine ikivuka njia, ziachwe za rola kama zilivyo. Mara nyingi zimo kwenye boksi moja na swichi ya sifuri, na kishawishi cha kung'oa boksi zima ni kikubwa. Usifanye hivyo.

Urefu wa kigongo nao husahaulika. Mhimili unaokwenda mita 12 kwa dakika, ukiwa na muda wa kupunguza mwendo wa milisekunde 150, unahitaji takribani milimita 28 ili ufike kwenye mwendo wa kutambaa ukiwa bado juu ya kigongo, weka 35. Dalili ya kigongo kifupi ni sifuri inayotofautiana kati ya mwendo wa asilimia 25 na ule wa 100.

Kabla ya kung'oa swichi ya zamani, weka dayo geji (saa ya kupimia) kati ya tareti na chaki ukiwa kwenye sifuri nzuri, andika kipimo. Ukishafunga sensa, rudisha sifuri, kisha sogeza mhimili polepole kwa gurudumu la mkono huku biti iko kwenye skrini, na uandike mahali inapogeuka kutoka 0 kwenda 1. Umbali kutoka hapo hadi sifuri uwe karibu nusu ya hatua: kwa skrubu ya milimita 10, kati ya 3 na 7 ni salama. Ukipata 0.5 au 9.5, sogeza sensa milimita 5. Usiguse kwanza parameta 508 na 509 za kusogeza gridi, yaani mahali pa alama. Hizo ni za kurekebisha tofauti ndogo inayobaki, na thamani ya zamani iandikwe kwenye karatasi kabla ya kubadilishwa. Mwishowe rudisha sifuri mara kumi, tano kwa asilimia 25 na tano kwa 100, ukisoma dayo geji kila mara.

Kwa Z naipa nyota tano. Kwa X tatu, na mbili kati ya hizo ni za kuvumilia maji.