Sanduku la jiko la kambi lililoshindwa ugali

Mlango wa sanduku umeng'oka. Safari ya kwanza tu, pembeni ya Bwawa la Mtera, jiko linawaka na sufuria la ugali liko juu yake. Skrubu za mnyororo wa kulia zilichomoka, mlango ukajipinda, bawaba nazo zikafuata, na kila kitu kikaenda chini. Mpira wa gesi ulikuwa bado umeunganishwa. Hakuna aliyeungua, na hilo halipunguzi uzito wa kosa.

Naeleza kazi ya karakana moja hapa Dodoma mjini, iliyonitengenezea sanduku la mbao la kubebea vyombo na kupikia kambini. Vifaa nilinunua mwenyewe, ufundi nililipa laki moja na nusu, mchoro niliupeleka wenye vipimo vyote: urefu sentimita 80, kina 45, kimo 50. Mlango wa mbele una bawaba chini na unafunguka kuelekea kwako, kisha minyororo miwili inaushika ukae kama meza. Jiko la gesi la pleti moja linakaa juu ya meza hiyo, mtungi wa kilo 6 unabaki chini, nje ya sanduku. Ndani kuna droo mbili za vijiko, visu na viungo, nafasi ya sufuria tatu zinazoingiliana, na sehemu ndefu ya kusimamisha mwiko na kibao cha kukatia. Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8, unene milimita 12, inatosha sanduku zima na vipande vinabaki vya droo.

Nikiri kwamba kazi ya mbao ilinifurahisha siku ya kuchukua. Kona zote zina kipande cha mbao cha inchi 1 kwa 1 kwa ndani, kimebandikwa gundi na kupigwa skrubu, na mbao ilikuwa imekauka kweli. Kwa ukavu wa Dodoma mbao mbichi inasinyaa ndani ya wiki chache na kona zinaachia, kwa hiyo hapo walijua wanachofanya. Msasa umepigwa mpaka ndani. Vanishi mikono mitatu, na kingo za plaiwudi zimepakwa pia. Mafundi wengi huziruka, na maji huingilia hapohapo. Kwa siku mbili tatu nilikuwa namsifia fundi kila mahali.

Sasa mlango. Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mbao zilizobandikwa moja juu ya nyingine, nyuzi zikipishana. Skrubu ikiingia usoni inapita tabaka kadhaa na kuzishika zote. Ikiingia kwenye ukingo inajipenyeza katikati ya tabaka mbili na kuzitenganisha, kama patasi. Huyu fundi alipiga bawaba kwenye ukingo wa sakafu ya sanduku. Milimita 12! Na hakutoboa kwanza kwa drili ya milimita 2 na nusu kama inavyotakiwa, alikaza skrubu hivyohivyo. Ukitazama kwa makini ulikuwa unaona mpasuko tangu siku ile, vanishi imeufunika.

Minyororo ndiyo ilianza. Kwenye mlango ilishikwa na skrubu za nusu inchi, mbili kila upande. Mnyororo ukikaa mshazari wa nyuzi 45, mvuto wake ni karibu mara moja na nusu ya uzito ulioko ukingoni mwa meza. Kwa chai hiyo si kitu. Lakini kusonga ugali si kuweka mzigo ukatulia. Unakandamiza sufuria, unageuza mwiko, unavuta kulia, unavuta kushoto, na kila mkono unapobadilika mnyororo mmoja unabeba karibu kila kitu kwa mshtuko. Tena huu ulikuwa ugali wa uwele, mzito. Skrubu ya nusu inchi inang'oka hapo kama jino bovu. Ukiongeza mtikisiko wa barabara ya vumbi, uliokwisha kuilegeza kabla hata hatujafika, hakuna cha kushangaza.

Nilirudi karakana na mlango mkononi. Nilisalimia vizuri, nikasema, "Fundi, naomba uangalie bawaba hizi." Hakuangalia. Aliendelea na randa yake, kisha akasema: "Bosi, nani alikuambia usonge ugali juu yake? Hilo ni la kuchemshia chai."

Sikuamini masikio yangu. Kwenye mchoro nimeandika jiko. Nimeandika sufuria namba ngapi. Hapa ni Dodoma, mtu anapika nini kingine akiwa kambini na watu 6? Jiko lisilohimili ugali si jiko. Nikamwonyesha ukingo uliofunguka, matabaka yameachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Jibu: "Plaiwudi uliileta mwenyewe." Plaiwudi haina kosa lolote! Ubao uleule, kwenye kona walikoweka kipande cha mbao, haujatikisika hata kidogo. Kijana wake aliyekuwa anapiga msasa aliinua kichwa, akanitazama, akainama tena. Nina hakika alijua.

Nilitaka kuishia hapo na kusema kwamba kazi yao ya mbao ni nzuri, ya vyuma mpeleke fundi mwingine. Lakini nilipolifungua sanduku lote nyumbani nikakuta jambo jingine, na hapo huruma ikaniisha. Ndani ya sanduku kuna sehemu ya akiba, nayo nilitaka iwe na matundu chini, kwa ajili ya kuweka mtungi mdogo wakati wa safari. Wametoboa juu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutuama chini kama maji kwenye beseni. Matundu ya juu hayaisaidii kutoka. Kwenye mchoro mshale unaelekea chini kabisa. Nimetoboa mwenyewe matundu manne ya inchi 1, mawili sakafuni na mawili ubavuni, yakigusana na sakafu, na kuyabandika wavu kwa ndani kuzuia panya na mende. Hata hivyo mtungi sasa nausafirisha nje ya sanduku, umefungwa valvu na regileta imetolewa.

Reli za droo nazo ni za gololi, wakati niliomba njia za mbao. Vumbi la huku likiingia kwenye gololi pamoja na grisi linakuwa udongo, droo inakwama katikati. Njia ya mbao iliyosuguliwa mshumaa haina tatizo hilo, na kuiparuza upya ni dakika tano.

Marekebisho yalikula jumamosi moja na gharama yake haifiki hata robo ya nilicholipa ufundi, jambo linaloniuma zaidi kuliko yote. Chini ya sakafu, kwa ndani ya ukingo wa mbele, nimebandika ubao wa paini wa inchi 1 kwa 2 urefu mzima, gundi ya mbao na skrubu za inchi moja kila sentimita 10, nikauacha umebanwa mpaka kesho yake. Bawaba tatu zinashika uso wa ubao huo, hazigusi tena ukingo wa plaiwudi. Kwenye mlango nimetumia bolti za milimita 5 zinazopita hadi upande wa pili, na washa pana (pete bapa za chuma) nje na ndani, na nati za kujifunga ili mtikisiko usizilegeze. Minyororo pia ina bolti. Kisha nimeongeza kile ambacho mchoro wangu ulikikosa, nakubali: mguu wa kukunja katikati ya ukingo wa mlango, wenye bawaba yake. Mguu ukigusa ardhi, minyororo inapumzika na nguvu ya mwiko inashuka moja kwa moja chini. Kwenye mchanga weka kibao chini ya mguu, la sivyo unazama na meza inalalia upande.

Kama bado unakwenda kwao, na kwa kona zile sitakushangaa, usitoe salio kabla ya jaribio hili. Fungua mlango, weka dumu la lita 20 lililojaa kwenye ukingo wa nje kabisa, halafu litikise kulia na kushoto kwa mikono miwili kwa dakika nzima. Inama utazame bawaba. Ukiona mstari mwembamba unafunguka kwenye plaiwudi, usipokee. Wakikuambia dumu ni zito mno, waulize sufuria la watu 6 lenye ugali na mkono wa mpishi lina uzito gani.

Sanduku lenyewe sasa limetulia. Limesonga uwele, limesonga dona, mlenda umepikwa juu yake, na kona hazijafanya ufa. Kwa hasira niliyo nayo ningependa kusema ni takataka, lakini si kweli, na kila ninapolifungua nakasirika upya kwa sababu si kweli. Skrubu zao nane za nusu inchi niliziweka kwenye bahasha nikampelekea fundi. Hajazipokea, kijana wake ndiye aliyezichukua.