Siga tano na hewa ya Dodoma: uzoefu wangu

Ya kwanza ilinitapisha, naanza na hiyo.

Ilikuwa Septemba, jioni, nimekaa barazani kwangu Kisasa, na tumboni sikuwa na kitu tangu chai ya saa nne. Wiki tatu kabla, shemeji alipanda treni ya SGR kutoka Dar akaniletea boksi la waanzaji: siga tano za saizi ya robusto, yaani fupi na nene, kikatio cha chuma na kiberiti cha gesi ambacho hakikuwa na gesi. Siga, kwa asiyeijua, ndiyo ile wazee wengine wanaiita biri: jani la tumbaku lililoviringwa kwenye majani mengine ya tumbaku, hakuna karatasi, hakuna kichungi. Boksi nililiweka juu ya kabati la sebuleni, nikajiona mstaarabu.

Nilipoitoa ile siga ililia vidoleni kama ganda la muhindi mkavu. Nikaibonyeza kidogo, jani la nje likapasuka. Nikaiwasha hivyo hivyo. Ikawaka kama bua. Moshi ulikuwa wa moto na mchungu, nami nikawa navuta harakaharaka kama mtu anayewahi daladala, na mara mbili tatu nikaushusha hadi kifuani. Hazikufika dakika ishirini, jasho la baridi likanitoka, baraza likaanza kuzunguka. Mengine yalimalizikia kwenye mchicha wa mama watoto. Akaniletea soda, akasimama mlangoni: "Baba Neema, na hii nayo umeilipia hela?"

Nilikuwa nimeilipia, kwa kweli. Siga moja ilinigharimu bei ya kilo tatu za nyama buchani.

Nikapiga simu dukani kuuliza. Jibu nililopewa: "Weka kwenye friji." Asikudanganye mtu. Friji inanyonya unyevu, ndiyo maana ugali uliolala humo bila kufunikwa unatoka na ukoko mgumu. Siga inataka hewa yenye unyevu wa kama asilimia 65 hadi 70, na sisi tunaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu zinaanza Desemba zinaisha Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi tu. Midomo yetu inapasuka, milango ya mbao inasinyaa, siga itaponea wapi? Karatasi ya maelezo ndani ya boksi haikusema neno moja kuhusu kuhifadhi. Kwa hilo peke yake nawakata nyota mbili.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua kontena la plastiki la chakula, lile lenye mpira kwenye mfuniko na vibano pembeni, jipya, lisilo na harufu ya pilau. Nikaagiza vipakiti vya unyevu vya Boveda vya asilimia 69, vile vinavyotoa na kunyonya unyevu vyenyewe, nikaweka kimoja pamoja na siga nne zilizobaki. Kipima unyevu kidogo cha betri nilinunuliwa Kariakoo, na hicho usikiamini kabla hujakijaribu: weka chumvi kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji kidogo ilowe bila kuyeyuka, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, kwa hiyo kila ninachosoma naongeza nne. Kisha nikasubiri wiki tatu bila kufungua. Siga iliyokauka hairudishwi kwa haraka. Ukiilowesha ghafla tumbo la siga linavimba na jani la nje linachanika.

Ya pili niliivuta Oktoba, nimeshiba wali na maharage, na hapo ndipo nilipoelewa watu wanasifia nini. Jani la nje lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, aina ya Connecticut, ambayo ndiyo ningemshauri mgeni aanze nayo. Zile nyeusi za maduro ziache kwanza, ingawa weusi si kipimo cha ukali. Umetokana zaidi na kuchachushwa kwa muda mrefu. Nilipata ladha ya karanga za kukaanga, baadaye mti uliokauka, mwishoni pilipili manga. Nilivuta funda moja kwa dakika, nalizungusha mdomoni, nalitoa. Robusto ina urefu wa kama inchi 5 tu, lakini hiyo ilinichukua karibu saa nzima.

Kwa nini usishushe moshi? Mjomba wangu alilima tumbaku Urambo, na ile ya kwao inakaushwa kwa joto la tanuri kwenye mabani, yale majumba ya kukaushia. Sukari inabaki, moshi wake una asidi, lazima uufikishe kwenye mapafu ndipo nikotini iingie. Jani la siga linaning'inizwa kivulini likauke taratibu, kisha linarundikwa lichachuke. Moshi wake ni wa kinyume, nikotini inapita kwenye ngozi ya mdomo. Ukishusha kifuani unazidisha dozi. Na siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Wanaosema haina madhara kwa kuwa humezi moshi wanajifariji: saratani ya mdomo na koo haisubiri kifua. Mimi nimejiwekea moja kwa miezi miwili, na mbali na watoto.

Ya tatu niliiharibu kwa kikatio. Kile kichwani, upande wa mdomoni, ni kofia tu, unakata milimita mbili. Mimi nilikata chini ya bega, jani likaanza kufunguka kama bandeji. Kikatio chenyewe ni kizuri, wala sikilaumu.

Kuwasha ndiyo kazi kwa upepo wetu. Kiberiti cha njiti kinazimika kabla hujasogeza mkono. Nilijaza gesi kile kiberiti, nikakaa nyuma ya ukuta, nikaikausha mguu, yaani ncha ya kuwashia, kwanza bila moto kuigusa huku naizungusha, hadi ukingo wote ukawa mwekundu. Jivu usiligonge kama la sigara, liache lirefuke. Ukitosheka, ilaze izimike yenyewe. Ukiikandamiza inanuka hadi kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni mzee wa Kigogo, mtu wa ugoro. Siku ya siga ya nne alikuja kukaa nami, mimi na bilauri yangu ya mvinyo mtamu wa zabibu za hapa hapa, ambao kwa siga ni bora kuliko bia. Akanitazama kwa nusu saa nzima. "Mwanangu," akasema, "moshi wote huo wa nini? Mimi nanusa mara moja, kazi imekwisha." Akapiga chafya, akacheka.

Boksi nalipa nyota tatu kati ya tano: siga zenyewe nzuri, kikatio kizuri, huduma mbovu. Ya tano bado imo kwenye kontena. Asubuhi ya leo kipimo kimesoma 64, ongeza nne.